Maswali kwa Fundi: Usiivute, ikiiva itaachia yenyewe

Wasomaji wangu, mwezi huu karibu maswali yote yamekuja ya kitu kimoja, bloa, yani ile mashine ya hewa ya moto tunayochomolea aisi, vile vipande vyeusi vya bapa vyenye saketi ndani, na vitu vidogo vidogo vilivyolalia juu ya bodi. Zamani kidogo mashine hii ilikuwa ya mafundi wachache, sa hivi kila meza ya simu ina moja, na ndo maana bodi zinazoletwa kwangu zikiwa zimeshapitia mikono mingine nyingi hazijafa kwa maji wala kwa kudondoka, zimeuliwa kwa moto. Kwa hiyo leo sina haraka, tukae hapa hapa kwenye bloa.

Shikamoo fundi. Nina miezi 8 kwenye meza ya simu hapa Mbagala. Juzi nilikuwa nabadilisha sistimu ya chaji, lile tundu la kuchomekea waya, simu ya taipu C, nikaweka bloa nyuzi 400 nikapuliza kama dakika nzima, nikashika na kibanio nikavuta, ikatoka ila imetoka na pedi mbili. Nimefunga mpya, sasa simu inachaji ukichomeka waya upande mmoja tu, ukigeuza haichaji. Nimekosea wapi? Na bodi ndo basi tena?

Marahaba mdogo wangu. Bodi haijafa, tulia kwanza, nitakwambia namna ya kuirudisha ila lazima uelewe kilichotokea, maana usipoelewa utarudia kwenye simu ya mtu mwingine.

Hukukosea ile 400. Ulikosea kuvuta. Ile sistimu ya chaji si kama kapasita, vile vipunje vidogo vya juu ya bodi, ina miguu minne minene ya bati inayozama ndani ya matundu ya bodi, na hiyo miguu imeungana na shaba ya negativu ambayo imetandazwa bodi nzima, tena tabaka kwa tabaka. Sasa wewe unapuliza joto pale juu, shaba inalinyonya inalipeleka kote, juu pini ndogo zimeshayeyuka zamani ila kule chini kwenye matundu risasi, ile ya kuchomelea, bado ni ngumu kama jiwe. Unaona zile pini za mbele zinang'aa unasema imeiva, unavuta, miguu ya nyuma inang'ang'ania, nguvu yote inahamia kwenye pedi. Na pedi ni nini? Ni kipande cha shaba chembamba kuliko karatasi ya daftari, kimegandishwa tu kwenye faiba, yani ubao wa bodi, kwa gundi, na gundi yenyewe ikipata joto inalegea. Kwa hiyo unavuta wakati pedi ndo iko dhaifu kuliko wakati wowote mwingine. Haiwezi kupona.

Mimi mwenyewe nilijifunza hivi kwa simu ya mama mmoja muuza vitenge. Alikuwa ameandika madeni ya wateja wake kwenye daftari, daftari likalowa mvua, bahati nzuri alikuwa ameshapiga picha kurasa zote, picha ziko kwenye ile simu na hazipo sehemu nyingine. Nikavuta ile chaji, ikang'oka na pedi nne. Siku tatu nilihangaika na nyaya nyembamba mpaka simu ikawaka akapata picha zake, na siku hizo tatu kila akija dukani anakaa tu kwenye benchi ananitazama mikono hasemi kitu. Tangu siku ile sijavuta kitu kwenye bodi, kikiiva kinaachia chenyewe.

Sasa fanya hivi. Toa betri, toa laini na memori kadi, toa kamera na skrini, bodi ibaki uchi. Usipulize bodi yenye betri hata kama iko mbali, betri ya lithiamu ikipata moto si mchezo. Zungushia tepu ya njano ile ya kuhimili joto kwenye vitu vya plastiki vilivyo jirani, maiki hasa, maiki ikipigwa hewa moja kwa moja inakufa kimya kimya na mteja atarudi kesho anasema hasikiki. Weka flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi itiririke, ya kutosha, usiionee huruma. Halafu hatua ambayo wengi mnairuka, chukua pasi yako ya kuchomelea na ile risasi ya kawaida yenye ledi ndani (ledi ni madini yenyewe ya risasi, Pb), ongeza kwenye ile miguu minne, ichanganyike na risasi ya kiwandani. Risasi ya kiwandani inayeyuka kwenye 217 na kuendelea, ya kwako 183, zikichanganyika zinaanza kulegea mapema zaidi, umeshajirahisishia kazi kabla hujawasha bloa.

Ndo upashe sasa. Anza mbali, kama upana wa kiganja, zungusha hewa eneo lote la chini la bodi kwa dakika moja au moja na nusu, bodi yote ipate uvuguvugu, ukiwa na sahani ya kupashia kwa chini ni bora zaidi, iweke bodi ifike kama 100 hivi au 120. Halafu sogea karibu, sentimita moja au mbili, 380, zungusha usisimame sehemu moja. Tazama risasi. Mwanzo ina rangi ya kijivu imepauka, ghafla inageuka inang'aa kama maji. Hapo usivute bado! Gusa ile chaji kwa ncha ya kibanio, isukume kidogo sana pembeni, ukiiachia ikirudi yenyewe mahali pake kama ngalawa iliyofungwa nanga basi inaelea, miguu yote imeachia. Isiporudi ikakaza, kuna mguu bado, endelea kuzungusha. Ikielea inyanyue juu, wima, bila kulazimisha. Ukihisi inakataa iache.

Na kama chaji ya zamani ni mbovu na unaenda kuitupa, kwanini uipiganie mzima mzima? Ikate. Chukua koleo kali la kukatia, ifungue lile bati vipande vipande, halafu mguu mmoja mmoja unautoa kwa pasi. Inachukua muda ila bodi haipati moto mwingi, mi simu nyingi siku hizi nafanya hivyo.

Kuhusu pedi zako mbili. Kwa dalili uliyosema, kuchaji upande mmoja tu, karibu nakuhakikishia mojawapo iliyong'oka ni ya CC. Taipu C ina CC mbili, kila moja ya upande wake, ndo zinazoiambia simu kwamba kuna chaja imechomekwa na imekaa upande gani. Ikikatika moja, upande ule simu haijui kama kuna kitu kimechomekwa. Chukua mchoro wa bodi ya simu hiyo au multimita yako weka kwenye mlio, tafuta ile njia inapoenda, mara nyingi inaishia kwenye rizista au kapasita hapo karibu au kwenye aisi ya chaji, kwangua vanishi ya njia kidogo mpaka uone shaba, unganisha kwa waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, ulaze vizuri uutie gundi ya kijani ile ya kukaushwa na taa ya UV. Pedi ya pili angalia kama ni ya data, chomeka kwenye kompyuta pande zote mbili uone. Halafu mwambie mteja ukweli kwamba kuna waya umeutia, na asiwe anachomeka kwa nguvu.

Fundi hujambo, naandika kutoka Mombasa. Jirani yangu wa duka huweka bloa 480 hewa juu kabisa na aisi inatoka chini ya nusu dakika. Mimi naweka 350 nachukua dakika mbili, wateja huona mimi mzembe. Nani yuko sawa?

Sijambo ndugu yangu. Wewe uko sawa zaidi, lakini tusikae kwenye namba tu, maana ile namba ya kwenye kioo cha mashine inadanganya. Sio kwamba mashine ni mbovu, ni kwamba kihisi cha joto kiko ndani ya mpini karibu na koili inayotoa joto, kinapima hewa kabla haijatoka. Ikishatoka kwenye nozo, ule mdomo wa bloa, ikasafiri sentimita mbili imeshapoa, na kwenye bodi joto ni kitu kingine kabisa, linategemea nozo uliyoweka, hewa umeifungua kiasi gani, na bodi yenyewe ina shaba kiasi gani. Kwa hiyo 350 yako na 350 yangu si lazima zifanane.

Namba za kuzikariri ni za risasi, sio za mashine. Ile yenye ledi, bati 63 kwa ledi 37, inayeyuka 183. Isiyo na ledi, ambayo sisi bado tunaiita risasi japo risasi yenyewe haimo, ni bati na fedha kidogo na shaba kidogo, inayeyuka kati ya 217 na 220. Hii ya pili ndo iko karibu kwenye simu zote na kompyuta za sasa kwa sababu Ulaya walipiga marufuku ledi kwenye vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006 na viwanda vikahama. Redio ya zamani, amplifaya ya mwaka 1990, hizo zina ledi, zinaachia upesi, mtu anazoea hizo akija kwenye simu anashangaa mbona haitoki anapandisha moto. Ipo na ya tatu yenye madini ya bismati, inayeyuka 138 tu, mafundi wengine wanaitumia kuchanganyia ili aisi itoke kwa joto dogo. Inasaidia kweli, ila ukimaliza futa yote kwa utambi wa shaba usiache hata chembe, ni risasi inayovunjika kirahisi, na ikikutana na ledi inatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye 96 hivi, chini hata ya maji yanayochemka. Simu ikipata moto kwenye gari juani unaanza kutafuta mchawi.

Sasa jirani yako. Akipiga 480, aisi juu inaungua kabla joto halijafika kwenye miguu chini, maana joto linatakiwa lipite kwenye mwili wa aisi au lipite kwenye bodi, na kupita kunataka muda, huwezi kuulipia huo muda kwa kupandisha moto. Anaondoa ile mbovu sawa, haimuumi, ila anapofunga mpya kwa moto ule ule? Na kuna kitu cha kwenu hasa watu wa pwani. Ile plastiki nyeusi ya aisi inanyonya unyevu wa hewani, aisi ikikaa wazi kwenye droo Mombasa wiki kadhaa ina maji ndani usiyoyaona. Ukiipiga moto wa ghafla yale maji yanakuwa mvuke yanatafuta pa kutokea, unasikia *tap!* kidogo kama bisi, na juu ya aisi kunavimba. Wakati mwingine hakusikiki wala hakuonekani, imepasuka kwa ndani tu, unafunga mpya simu haiwaki unasema nimeuziwa aisi feki. Aisi zako zitunze kwenye mfuko uliofungwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na zilizokaa wazi muda mrefu zioke kwenye 125 kwa masaa kadhaa kabla ya kuzifunga, zitoe kwanza kwenye ule ukanda wa plastiki zilizojia maana ukanda hauhimili joto hilo. Na bodi pia, pasha taratibu.

Mimi kapasita na rizista ndogo natumia kama 320 hewa kidogo, aisi za kawaida 350 mpaka 370, chaji na bati za kufunikia 380, mara chache sana 400. Usizichukue kama sheria. Chukua bodi iliyokufa, weka punje ya risasi ya 183 juu ya pedi kubwa, hesabu sekunde mpaka iyeyuke kwa nozo yako na umbali wako, badilisha hewa hesabu tena. Saa moja ya kufanya hivyo utaijua mashine yako kuliko mwaka mzima wa kuuliza watu. Na wateja waache waone mzembe, simu zako zikikaa miaka miwili bila kurudi watajua.

Mimi niko Mpanda vijijini, natumia sola, betri moja ya 100Ah na inveta ya wati 500. Nikiwasha bloa inveta inalia na kuzima. Nimeambiwa inveta ni mbovu.

Inveta yako ni nzima, inajilinda. Bloa nyingi za meza ni wati 700, hizo kubwa zinafika 1000. Wati 700 kwenye volti 230 ni ampea 3 tu unaona kidogo, lakini upande wa betri ya volti 12 hizo ni karibu ampea 60, ukiongeza zinazopotea kwenye inveta ni zaidi ya 65. Betri ya 100Ah haijaumbwa kutoa hivyo kwa muda, volti zinashuka inveta inakata. Kweli koili haiwaki muda wote, ikifika joto uliloweka inakata na kuwaka, kukata na kuwaka, ila ule mwanzo inavuta yote. Kwa bloa ya 700 tafuta inveta ya 1000 kwenda juu yenye wimbi safi, betri mbili, na waya wa betri mnene na mfupi, nyaya nyembamba nimeona zinaungua kabla ya kitu kingine. Kama hela haijatosha bado, fanya kazi za bloa mchana jua linapokuwa kali, na kazi nyingi kwa kweli unaweza kuzifanya kwa pasi ya wati 60 na mbinu ile ya kukata niliyomwambia kijana wa Mbagala.

Shikamoo fundi, mimi ni fundi wa kike Arusha, nina mtoto wa miezi 9 nakuja naye dukani maana sina wa kumwachia. Ule moshi wa kwenye bloa una madhara kwake? Watu wananiambia ni ledi inaingia kwenye mapafu.

Marahaba dada, na hongera kwa mtoto na kwa kazi. Swali lako nimelisoma mara mbili.

Ule moshi sio ledi. Kwa joto tunalotumia ledi haigeuki kuwa moshi, moshi unaouona ni flaksi inaungua, na flaksi nyingi ndani ina utomvu wa msonobari ambao moshi wake unajulikana kabisa kusababisha pumu kwa watu wanaouvuta kila siku. Kwa mtu mzima si salama, kwa mtoto wa miezi 9 ndo kabisa. Ledi nayo ipo ila njia yake ni mikono. Unashika waya wa risasi, unafuta bodi, vumbi linabaki kwenye vidole na nguo na meza, halafu unamnyonyesha, unamshika mdomo, anatambaa chini anaokota kitu anakula. Na ledi kwa mtoto mdogo inaumiza ubongo unaokua, hata kidogo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, mtoto asikae chumba kimoja na meza ya kuchomelea. Kama kuna jirani wa duka, hata wa kushona au wa saluni, ongea naye akushikie zile saa mbili tatu za kazi ya moto, halafu kazi za kufungua na kufunga skrini ufanye mtoto akiwa na wewe. Feni iwe inavuta moshi kuutoa nje dirishani, isikupulizie usoni wala isipeleke upande wa mtoto. Osha mikono kwa sabuni na maji kabla ya kumgusa, kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Vaa aproni ya kazi uivue hapo hapo dukani usiende nayo nyumbani, na sakafu ipigwe deki kwa maji, ukifagia kavu vumbi linapanda. Usile mezani. Na ukienda naye kliniki mwambie nesi kazi unayofanya, ajue.

Kingine, acha kusafishia bodi kwa petroli au thina kama bado unafanya, wengi tunafanya kwa sababu ni rahisi kupata. Mvuke wake ukikutana na bloa inayowaka ni moto wa duka. Spiriti safi ya asilimia 99 ni bora, nayo inashika moto, kwa hiyo bodi ikauke kwanza ndo uwashe mashine.

Kapasita ndogo zinaruka nikipuliza, sizioni tena. Na je, naweza kutumia ile mashine ya kukaushia nywele nikianza? Mwanza.

Ya nywele hapana, haifiki hata karibu ya 183. Ile ya mafundi rangi inafika ila hewa yake ni kubwa mno na huwezi kuielekeza, itakuondolea nusu ya bodi. Kapasita kuruka ni hewa nyingi, punguza hewa, weka nozo pana kidogo, puliza wima kutoka juu badala ya kulaza pembeni, na flaksi nzito inazishika zisitembee. Kabla hujapuliza piga picha eneo lile kwa simu yako, karibu, ili ikiruka moja ujue ilikaa wapi. Ikishatoka usiipulizie wala kuiwekea kitu cha baridi, kapasita za kauri zikipozwa ghafla zinapata ufa usioonekana halafu zinapiga shoti baadaye.

Na ukimaliza kazi usichomoe bloa ukutani. Rudisha mpini kwenye kishikio chake, kina sumaku inayoiambia mashine imepumzishwa, feni itaendelea kupuliza mpaka ishuke chini ya 100 izime yenyewe. Ukichomoa ikiwa moto, joto lote la koili linabaki ndani ya mpini, ndo maana mipini ya wengi wenu imepinda. Kama yako ni ile ya aina ya zamani yenye pampu ndani ya boksi na ni mpya, ipindue uangalie chini, kuna skrubu za kuzuia pampu isitikisike safarini, zitoe kabla ya kuiwasha mara ya kwanza.